Mapumziko ya ziwani: Mkulima wa Upare auze kiwanja au auze mayai?

MJOMBA wangu anaishi Lembeni, kwenye barabara kuu kati ya Same na Mwanga. Mbali na nyumba yake hapo kijijini, ana shamba la ekari tatu kando ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, alilolipata ujanani alipokuwa akichuuza samaki. Miezi michache iliyopita alinipigia simu jioni. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za watoto na za mvua, akaingia kwenye jambo lenyewe.

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesomea mambo ya mashamba. Amekuja dalali na mtu wa mjini, wanazitaka zile ekari tatu za kule bwawani. Wanasema watajenga mahali pa watu kupumzikia mwisho wa wiki. Wanatoa milioni tisa. Nikubali au nikatae?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda nipige hesabu. Jibu nimelileta hapa gazetini kwa sababu swali hili si la mjomba peke yake. Linawahusu pia wenye mashamba kando ya Ziwa Jipe, wenye vihamba Usangi na Ugweno, na kila mfanyabiashara mdogo anayesikia kwamba "utalii unakuja" na kujiuliza yeye atapata nini.

Kwa nini swali linakuja sasa

Kwa mujibu wa takwimu za Serikali, mwaka 2024 Tanzania ilihesabu watalii zaidi ya milioni 5.3. Waliotoka nje ya nchi walikuwa kiasi cha milioni 2.1. Waliobaki, kiasi cha milioni 3.2, walikuwa watalii wa ndani. Yaani katika kila watalii watano, watatu walikuwa wenzetu wa humu humu nchini: walimu, wafanyakazi wa benki, wafanyabiashara wa madukani, vikundi vya kanisa na familia zilizoamua kutoka nyumbani Ijumaa na kurudi Jumapili.

Jambo la pili ni maji. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ambao chanzo chake ni Nyumba ya Mungu. Kwa miaka mingi ukame wa tambarare ya Upare ulikuwa sababu tosha ya mtu wa mjini kutotaka kujenga huku. Bomba likikaribia, bei ya ardhi nayo hupanda, na dalali huwa wa kwanza kuijua habari hiyo.

La tatu ni usafiri. Barabara kuu ni ya lami mwanzo hadi mwisho. Treni ya abiria kutoka Dar es Salaam, iliyokuwa imesimama kwa miaka mingi, ilirudi Moshi Desemba 2019 na kufika Arusha Oktoba 2020, na njia yake inapita katika tambarare yetu hii. Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye lango karibu na mji wa Same, nayo inaleta wageni wanaokuja kuona faru na tembo.

Kwa hiyo dalali wa mjomba hakuwa anaota ndoto za mchana. Wageni wapo. La kuuliza ni nani atakula kwao.

Mgeni wa siku mbili anatoka wapi?

Tuanze na umbali, maana ndio unaoamua biashara hii. Mtu mwenye siku mbili tu za mapumziko hakubali kuzimaliza barabarani. Wakenya walilijua hili zamani. Ziwa Naivasha limejaa wageni wa mwisho wa wiki kwa sababu lipo kiasi cha kilometa 90 tu kutoka Nairobi. Mtu anatoka kazini Ijumaa jioni na anakula chakula cha usiku ziwani.

Kwetu, mkazi wa Dar es Salaam anahitaji karibu siku nzima kufika Mwanga kwa basi. Huyo atakuja Pasaka, Idi na Krismasi, si kila Ijumaa. Mgeni wetu wa kila wiki yuko Moshi na Arusha. Ni mtu wa kipato cha kati, anayehesabu mafuta ya gari na anayeuliza bei ya chumba kabla ya kushusha begi. Anayejenga hoteli ya bei ya Serengeti kando ya Nyumba ya Mungu anajenga kwa ajili ya mgeni asiyekuwepo.

Sasa mgeni huyo anakuja kuona nini? Tunayo maji ya aina tatu. Nyumba ya Mungu ni bwawa lililojengwa miaka ya 1960 pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana, kwa ajili ya umeme, kilimo na uvuvi. Jipe ni ziwa la asili lenye kina kifupi, mpakani na Kenya, na ng'ambo yake ni Hifadhi ya Tsavo Magharibi. Mbele zaidi, upande wa Rombo, lipo Chala, ziwa lililokaa ndani ya shimo la volkano, maji yake yakiwa na kina cha meta 90 hivi na kuta zake zikiwa zimesimama wima.

Tusijidanganye lakini. Haya si maziwa ya kuogelea. Jipe lina mamba na viboko, Chala nalo limewahi kupoteza mtu kwa mamba, na katika maji yaliyosimama kama ya bwawani kuna hatari ya kichocho. Tambarare ina joto kali na mbu. Mali tuliyonayo ni mandhari, ndege, mtumbwi, samaki wa kuchoma, na ubaridi wa mlimani. Ukisimama kwenye migongo ya milima ya Upare Kaskazini siku ya anga safi, unaliona Jipe lote chini yako na Kilimanjaro kwa mbali. Mgeni mwenye akili atashinda majini na kulala mlimani. Hilo lina maana kubwa kwa hesabu zetu, na nitalirudia.

Hoteli moja inakula kiasi gani?

Watu wengi vijijini wanaamini kwamba hoteli ikijengwa, soko la mazao limepatikana. Hebu tupige hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe weka za soko lako.

Chukua nyumba ya wageni yenye vyumba kumi, imejaa, kila chumba watu wawili. Hao ni watu 20, wanaolala Ijumaa na Jumamosi. Kwa vifungua kinywa viwili, mayai mawili kila mtu, ni mayai 80. Ongeza 40 ya mapishi mengine, yanakuwa 120, yaani trei nne. Kuku wa kienyeji, weka kumi. Samaki kilo kumi. Maziwa lita 20. Mboga, nyanya, vitunguu, ndizi na matunda, weka ya Sh60,000.

Trei nne kwa Sh10,000 ni Sh40,000. Kuku kumi kwa Sh15,000 ni Sh150,000. Samaki kilo kumi kwa Sh8,000 ni Sh80,000. Maziwa lita 20 kwa Sh1,500 ni Sh30,000. Ukijumlisha na zile za mboga na matunda, unapata Sh360,000 kwa mwisho mmoja wa wiki.

Hoteli ikijaa hivyo wiki 40 kwa mwaka, ni Sh14.4 milioni. Zikigawanywa kwa kaya 20 zinazopeleka bidhaa, kila kaya inapata Sh720,000 kwa mwaka, kabla ya kutoa gharama za chakula cha kuku na dawa. Vyumba vikijaa nusu tu, jambo ambalo ni la kawaida zaidi, inabaki Sh360,000.

Kuna mambo mawili ya kujifunza hapa. La kwanza, fedha hiyo si haba kwa kaya ya tambarare inayotegemea mahindi ambayo mvua ikikatika yanakauka yakiwa yametoa mbelewele. Ada na sare za mtoto zinaweza kupatikana humo. La pili, hoteli ndogo haiwezi kununua nyanya za ekari moja. Kilo 15 kwa wiki ni za bustani ya nyuma ya nyumba. Mkulima atakayechukua mkopo SACCOS alime ekari mbili za nyanya kwa matumaini ya hoteli moja, atakwenda kuzimwaga.

Kwa hiyo hoteli si soko la kumfanya mkulima aache soko lake la zamani. Ni mteja mmoja mzuri anayenunua kidogo, kila wiki, kwa bei nafuu kwa muuzaji, mradi apelekewe kwa wakati.

Kwa nini hoteli hununua mjini

Mwaka jana nililala katika nyumba moja ya wageni kando ya maji, sitaitaja jina wala mahali. Asubuhi nikamuuliza mpishi mayai yametoka wapi. Akaniambia yametoka mjini, umbali wa zaidi ya saa moja, pamoja na nyanya na vitunguu. Nje ya uzio kulikuwa na kuku wanachakura.

Nilipomwuliza msimamizi sababu, hakuwa na dharau yoyote kwa wanakijiji. Alinitajia mambo matatu. Kwanza, risiti. Mwenye hoteli anadaiwa hesabu na Mamlaka ya Mapato, na mama mwenye trei moja ya mayai hana risiti ya kumpa. Pili, uhakika. Wiki hii analetewa kuku kumi, wiki ijayo hakuna hata mmoja kwa sababu kuna msiba au mnada. Tatu, malipo. Hoteli hulipa mwisho wa mwezi, na mama wa mayai anataka fedha yake mkononi kwa sababu jioni anatakiwa kununua unga.

Matatizo yote matatu hayahitaji mfadhili kutoka nje. Yanahitaji kikundi. Kaya 20 zikiungana na kuandikishwa, kikundi kinaweza kutoa stakabadhi moja kwa niaba ya wote. Wakipanga zamu, msiba wa mmoja hausimamishi mayai ya wote. Na kikundi kikiwa na mfuko wake wa VICOBA, kinaweza kumlipa mama wa mayai Alhamisi ile ile na kuisubiri hoteli hadi mwisho wa mwezi. Naitaja Alhamisi makusudi. Hoteli ya mwisho wa wiki hufanya manunuzi Alhamisi na Ijumaa asubuhi. Anayefika Jumamosi saa nne na kuku wake amekuja kuwasalimia.

Zile ekari tatu

Sasa turudi kwenye shamba la mjomba. Kuna kipengele cha sheria ambacho dalali hakumweleza, labda naye hakijui. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa.

Shamba la mjomba lina upana wa kiasi cha meta 100 kandokando ya maji, na linaingia ndani kiasi cha meta 120. Ukikata meta 60 za mwanzo, umekata nusu ya shamba. Nusu hiyo haijengwi vyumba wala baa. Mnunuzi akishajua hilo, ama atapunguza bei, ama atajenga kinyemela na siku ya kubomolewa jina la mjomba litatajwa kwenye kesi. Isitoshe, maji ya bwawa hupanda na kushuka, kwa hiyo ukingo wa leo si lazima uwe ukingo wa masika ijayo. Kabla ya kuzungumza bei, mpaka uhakikishwe na serikali ya kijiji, halmashauri ya wilaya na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Sheria hiyo inambana pia mkulima anayelima hadi majini, tusiisome upande mmoja.

Lipo suala la nani ana haki ya kutoa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji husimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na haiwezi kuigawa bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwenye shamba lake la siku nyingi anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Mjomba hana hati hiyo. Ana shamba, ana majirani wa kumshuhudia, lakini hana karatasi. Mtu wa namna hiyo anapouza, huuza kwa bei ya asiye na karatasi, na mnunuzi akishakwenda kupima, bei inakuwa nyingine.

Je, auze au apangishe? Hapa lazima niseme ukweli wa kiuchumi ambao wengi hawapendi kuusikia: kupangisha si lazima kuwe na faida kuliko kuuza. Tuseme mwekezaji anakubali kodi ya Sh900,000 kwa mwaka. Mjomba atahitaji miaka kumi kufikisha Sh9 milioni, na shilingi ya mwaka wa kumi haitakuwa na nguvu ya shilingi ya leo. Kama anauza ili achimbe kisima, anunue mbuzi wa maziwa na kumsomesha binti yake chuo, na anao mpango ulioandikwa, kuuza kunaweza kuwa uamuzi mzuri. Ila tumeona fedha za viwanja zinavyokwenda. Bati jipya, pikipiki, harusi, na baada ya miaka miwili mwenye ardhi anaomba kibarua cha ulinzi kwenye lango la shamba lililokuwa lake.

Tofauti iko kwenye kitu kisichoonekana katika bei. Aliyepangisha bado yuko mezani. Mkataba wake unaweza kusema kodi itaangaliwa upya kila baada ya miaka mitatu, njia ya mifugo na ya wavuvi kwenda majini haitafungwa, na bidhaa zinazopatikana kijijini zitanunuliwa kwanza kwa kikundi cha kijiji kwa bei ya soko. Aliyeuza hana mahali pa kuyasemea hayo. Amelipwa, amekwisha.

Wenzetu wamefanyaje

Huko Ulaya kwenye milima ya Alps, ambako mapumziko ya ziwani yalianza kuwa biashara zaidi ya miaka 150 iliyopita, kuna mambo mawili ya kutufaa. Austria ina maelfu ya familia za wakulima zinazopokea wageni katika nyumba zao wenyewe. Mgeni analala chumba cha juu, asubuhi anakunywa maziwa ya ng'ombe aliyemsikia akilia usiku. Mkulima haachi kulima, kwa sababu shamba lake ndilo mandhari aliyoifuata mgeni.

Uswisi inatupa onyo. Matajiri wa mijini walinunua na kujenga nyumba za mapumziko milimani hadi baadhi ya vijiji vikawa na madirisha yaliyofungwa sehemu kubwa ya mwaka. Machi 2012 wananchi wa nchi hiyo walipiga kura na kuamua kwamba nyumba za namna hiyo zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila mji au kijiji. Nyumba iliyofungwa hainunui mayai.

Karibu zaidi, kusini magharibi mwa Uganda lipo Ziwa Bunyonyi, meta zaidi ya 1,900 juu ya usawa wa bahari, lenye visiwa 29, na vilima vyake vimelimwa kwa matuta tangu chini hadi juu. Watu wake ni wakulima wa viazi, mtama na maharage, wenye vishamba vidogo kama vya kwetu milimani. Wageni hufuata mandhari hiyo hiyo ya matuta. Na kamba wa maji baridi, waliopandikizwa ziwani humo, leo ni chakula ambacho hoteli za pale hukitangaza, na mwenye mtego wa kamba ana mteja.

Hapa nyumbani, jirani zetu wa Lushoto wana shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kilutheri. Wageni wanaokwenda kuangalia tambarare kutoka kwenye jabali la Irente hupata hapo mkate, jibini na jamu iliyotengenezwa papo hapo. Mgeni analipia maziwa mara mbili au tatu ya bei ya maziwa mabichi, kwa kuwa yamekuwa jibini.

Nyumba za Desemba

Sasa nirudi kwenye lile la kushinda majini na kulala mlimani. Pandisha Usangi, Ugweno au Kilomeni mwezi Agosti. Utaona nyumba nzuri, za tofali za kuchoma na vigae, zimefungwa. Wenyewe wako Dar es Salaam, Arusha na ng'ambo. Hufunguliwa Desemba, watu hula Krismasi, hufunga ndoa, huzika waliosubiriwa, kisha hufungwa tena. Kwa lugha ya Waswisi, sisi tulishajenga madirisha yetu yaliyofungwa kabla hata ya kumwona mtalii.

Lakini madirisha haya ni yetu, na tunaweza kuyafungua. Hivyo ndivyo vitanda vya wageni wa mwisho wa wiki, vimeshalipiwa, viko kwenye ubaridi na mandhari. Tena jambo lenyewe si geni. Katikati ya miaka ya 1990, mpango wa utalii wa utamaduni ulioanzishwa kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV ulijumuisha Usangi kwa Upare Kaskazini na Mbaga kwa Upare Kusini, na wageni walitembezwa milimani na kula vyakula vya wenyeji.

Piga hesabu ndogo. Nyumba yenye vyumba vitatu vya wageni, Sh40,000 kwa chumba pamoja na kifungua kinywa, usiku mbili, wiki 20 tu kwa mwaka, ni Sh4.8 milioni. Hata nusu ikienda kwa mtunza nyumba, chakula, leseni na ukarabati, Sh2.4 milioni zinabaki kwa mwenye nyumba ambaye leo anatuma fedha za mlinzi na hapati kitu. Mtunza nyumba anapata ajira, jirani anauza ndizi na maziwa, kijana wa bodaboda anawapeleka Jipe, mvuvi anawapakia kwenye mtumbwi, na mama wa makande anapata wateja ambao hawajawahi kuonja makande yaliyopikwa na Mpare.

Tunasemwa sana sisi Wapare kwamba tunajua kubana shilingi. Kama ni kweli, basi nyumba ya milioni nyingi iliyofungwa miezi kumi na moja ni jambo la kutushangaza wenyewe.

Maji kwanza

Kuna hatari moja inayoweza kuharibu yote haya. Mgeni wa hoteli, kwa kuoga, choo na kufuliwa mashuka, anaweza kutumia lita 150 kwa siku. Wageni 20 ni lita 3,000, yaani ndoo 150 za lita 20. Katika kijiji ambako akina mama bado wanapanga madumu kwenye foleni, ndoo 150 kwa siku ni ugomvi.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa ugomvi huo. Walichimba ndiva, malambo yanayokusanya maji ya kijito usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu iliyojulikana, na walizisafisha kwa msaragambo, kila kaya ikitoa mtu. Kilichotawala ndiva ni zamu. Nguvu ya mtu au utajiri wake haikumpa maji ya jirani. Leo tuna Sheria ya Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, vibali vya kutumia maji na jumuiya za watumiaji maji. Mwekezaji aanze kwa kuonyesha kibali chake, na kijiji kijue ni lita ngapi na kutoka wapi.

Vile vile sisi wakulima tujitazame. Jipe linajaa matope na magugu, na sehemu ya udongo huo inashuka kutoka mashamba ya mteremko yasiyo na matuta. Hakuna mgeni atakayelipa kuja kuangalia matete yaliyofunika ziwa. Kila tuta linalochimbwa mlimani ni kazi ya kilimo na ya utalii kwa jembe moja.

Nilichomwambia mjomba

Wiki mbili zilipotimia nilimpigia simu. Nilimweleza asiuze kwanza. Akafuatilie hati ya kimila, akapimiwe meta 60 ajue ana nini hasa mkononi, kisha amwite yule mtu wa mjini bila dalali na kumwambia kwamba nusu ya juu inapangishwa kwa masharti yaliyoandikwa mbele ya serikali ya kijiji. Kama mtu huyo ana nia ya biashara atarudi. Kama alikuwa anatafuta ardhi ya kuilanguza, hataonekana tena.

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Na asiporudi?"

"Asiporudi, mjomba, utakuwa na ekari tatu zenye hati. Na shangazi ana kuku."

"Kuku anao," akasema. "Risiti ndiyo hana."

Kwa mara ya mwisho tulipozungumza, hati ilikuwa bado inafuatiliwa na mtu wa mjini hajarudi. Shangazi na wenzake kumi na wanne wameandika majina na wanatafuta ushauri wa afisa ushirika wilayani. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walimtaja mwenyeji, yaani mtu ambaye bado ana nyumba yake siku mgeni anapobisha hodi.